Malalamiko Dhidi ya Samaki Tarishi wa Mwanjelwa

Mwanjelwa, Mbeya
Julai 1956

Kwako Bwana Mhariri, mwenye meza, wino na subira,

Natangaza kwa heshima zote, na kwa taarifa ya jimbo letu zima, kwamba Jumanne hii, baada ya uji na kabla jua halijapasha bati, samaki alinigeuzia mkia nikiwa katikati ya sentensi.

Najua habari hii ni nzito. Kama umesimama, kaa kwanza.

Mimi naitwa Asukile, fundi baiskeli. Waliopasukiwa na tairi karibu na kwangu wananijua. Waliopasukiwa tena mbele kidogo wananijua zaidi. Sijawahi kumshtaki mtu. Jirani yangu Saulo alipokata mgomba wangu kwa bahati mbaya, kwa mara ya tatu, nilimpa pole kwa uchovu. Lakini safari hii nimefika mwisho wa upole, na mshtakiwa wangu anaishi majini.

Unajiuliza Mbeya na samaki wa bahari wapi na wapi. Ni wa Mama Kumud, mkewe Bwana Premji mwenye duka la vitambaa mjini. Mama Kumud alizaliwa Tanga. Ndoa ilipomleta huku kwetu kwenye baridi, akawa kila asubuhi anauliza jua limekwenda wapi, kisha analia. Mumewe akaona amletee kipande cha kwao: tangi la vioo, maji ya bahari yenyewe katika mapipa juu ya lori, jiwe la matumbawe lililo hai, lenye vidole vinavyofunguka kama ua, na samaki mmoja wa rangi ya chungwa mwenye mikanda myeupe. Jina lake Moti. Mama Kumud humsimulia Moti mambo ya Tanga kwa Kigujarati, na siku anapomsimulia hivyo, halii.

Sasa Mama Kumud alipokaribia kujifungua alikwenda Iringa kwa dada yake Indira. Mumewe akafunga duka akamfuata. Mke wangu Marta naye akachukuliwa, kwa sababu Mama Kumud alisema bila Marta mtoto hatoki. Tangi likaletwa kwangu, maana samaki huyu anahitaji kupuliziwa hewa, na mwenye pampu ni nani kama si fundi baiskeli? Akiniaga, Mama Kumud alisema neno moja tu: "Fundi, nikirudi na mtoto, nataka mtoto amkute Moti." Nikamwambia atamkuta. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua samaki.

Tangi lilikuwa kubwa kuliko meza yangu, na meza ikasema hivyo kwa kuvunjika mguu. Basi tukaliweka katika tundu la ukuta kati ya sebule na jiko, mahali nilipokusudia kutia dirisha tangu ukuta ujengwe. Likawa na uso mmoja sebuleni kwangu na uso mwingine jikoni kwa mkamwana wangu Tupokigwe, mke wa mwanangu Lutengano. Mwenyewe Lutengano yuko Mafinga, anapasua mbao.

Hapo ndipo penye shina la shauri. Sisi ni Wanyakyusa. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawatazamani wala hawasemezani. Si ugomvi, ni heshima, na heshima yenyewe ni kubwa hata nikisikia hatua zake uani najificha nyuma ya mgomba (ule ambao Saulo bado hajaukata), naye akisikia kikohozi changu huingia popote, hata banda la kuku. Mchungaji ametushauri tupunguze. Tumepunguza: siku hizi sikimbii, natembea haraka.

Maneno ya lazima hupitia kwa mtu wa tatu, na mtu huyo alikuwa Marta. Marta alipopanda basi la Iringa, nyumbani tukabaki mimi, Tupokigwe na samaki. Sasa piga hesabu mwenyewe, Bwana Mhariri. Mtu wa tatu ni nani?

Hivyo Moti akawa tarishi wetu. Mimi husimama sebuleni, namtazama Moti, nasema: "Moti, mwambie mwenzako wa jikoni kwamba mboga imezidi chumvi." Kisha nakohoa na kungoja. Moti anazunguka jiwe, anafika upande wa pili, ambako Tupokigwe ametundika kanga mbele ya kioo, na baada ya kitambo cha adabu nasikia sauti ndogo: "Moti, mwambie tata kwamba mboga haikutiwa chumvi kabisa. Ni kidole chake alichotumbukiza tangini." Tata ndiyo baba kwetu. Kazi ilikwenda vizuri sana.

Nije sasa kwenye changarawe. Ndani ya tangi, kila upande, kuna kisanduku cha changarawe ya kome na matumbawe yaliyopondwa. Hewa inatoka katika mpira wa ndani wa tairi la lori, ninaoujaza kwa pampu mpaka mabega yanalia, nayo hupanda kwa mapovu na kuvuta maji yapite ndani ya changarawe. Nilidhani changarawe inazuia tope, basi. Bwana Premji akanicheka. "Fundi, humu wanaishi vijidudu usivyoviona. Samaki akijisaidia, vyenyewe vinakula ile sumu. Ukiviua, Moti atakufa kwa choo chake mwenyewe." Kisha akaagiza: mapovu yakianza kupungua, changarawe imeziba, ibadilishwe, lakini kibadilishwe kisanduku kimoja tu, kile kingine kisiguswe mpaka changarawe mpya ijae vijidudu vyake. Isioshwe kwa maji matamu wala ya moto, ila kwa maji ya humo humo tangini. Na konzi chache za ile ya zamani zichanganywe katika mpya. Hilo nililielewa upesi, kwani nasi hubakiza maziwa ya mgando chini ya kibuyu ili yafundishe maziwa mageni kazi.

Mfuko wa changarawe mpya aliouacha ulitosha visanduku vyote viwili, kwa zamu. Lakini hakusema kianze kipi, cha sebuleni au cha jikoni. Kwao watu wa nyumba moja husemezana.

Mapovu yakapungua. Mimi nikabadilisha cha kwangu. Kesho yake Tupokigwe akabadilisha cha kwake. Bahari yote ya Mama Kumud ikabaki haina kijidudu hata kimoja kinachojua kazi. Sasa Moti yuko juu ya maji anahema kama mzee aliyepanda mlima Loleza amebeba mkungu wa ndizi. Ua la matumbawe limekunja vidole. Na Marta ametuma salamu kwa dereva wa basi kwamba mtoto amezaliwa, ni msichana, na wako njiani wanakuja.

Nani alaumiwe? Nimefikiri kwa makini. Kwa kuwa haiwezekani kuwa ni mimi, na kwa kuwa adabu hainiruhusu kumtaja mkamwana, nimebaki na samaki. Malalamiko yangu dhidi yake ni haya:

1. Mshtakiwa anakula mshahara mkubwa. Analishwa kamba waliokaushwa na kusagwa, chakula ambacho mimi mwenyewe nakionja tu wakati wa kukisaga. Na kwa kuwa Julai ya kwetu inagandisha hata mate, amewekewa taa ya chemli chini ya sakafu yake kutwa kucha, wakati mimi mwenye nyumba napashwa joto na makoti mawili na kumbukumbu za ujana. Mtumishi wa namna hiyo angetegemewa afanye kazi.

2. Jumatatu jioni alikabidhiwa ujumbe rasmi upande wa jikoni: "Moti, mwambie tata kwamba kesho jogoo akiwika nabadilisha changarawe ya kisanduku cha huku." Nasema hivyo kwa kuwa nimekuja kujua baadaye. Wakati ule mimi sikusikia neno, maana masikio ya baba mkwe mwenye adabu hayasikii jikoni. Mshtakiwa akauchukua ujumbe, akaingia nao nyuma ya jiwe, akalala. Tarishi wa Bwana DC angelala na barua mkobani angekuwa bado tarishi?

3. Jumanne asubuhi ndipo alipokuja upande wangu, amechelewa, tena bila kuomba radhi. Nikampa jibu la haraka: "Moti, kimbia ukamwambie asiguse kisanduku, cha huku nimekwisha..." Hapo ndipo aliponigeuzia mkia. Sentensi yangu ilikuwa na tendo lakini haijafika mwisho. Na jogoo alikuwa amewika zamani.

4. Anaishi humo humo. Aliona mikono yangu, akaona na ile mingine. Kimya.

5. Nawalalamikia pia vijidudu, ambao ni washiriki wake. Makuli wa bandarini wakitaka kugoma hutoa taarifa. Hawa wameondoka bila kuaga. Kuna watakaosema niliwafukuza mwenyewe, kwa sababu changarawe mpya niliichemsha katika sufuria mpaka ikakaribia kuiva, na ile ya zamani nikaimwaga mlangoni pa karakana yangu kuziba dimbwi. Najibu hivi: Bwana Afya alipita hapa akatufundisha tuchemshe kila kitu, na mimi ni raia mtiifu. Isitoshe, dimbwi limekauka vizuri. Hata kama kuna kosa, kosa hilo lina faida kwa wapanda baiskeli.

6. Ameniaibisha mbele ya watu. Tangu jana sebule yangu ina wageni kama nyumba ya msiba. Evarista wa kwaya ameleta ndizi za kupika na kuuliza kama waimbe. Joachim, mzee wa kanisa, ametazama tangini kwa muda mrefu, akaniuliza kwa upole kama marehemu alikuwa amebatizwa. Nikamwambia hajafa. Akasema, "Haya, basi tungoje." Na Saulo, aliyekata mgomba wangu, amekuja na chungu. Nikamuuliza chungu cha nini. "Shemeji," akasema, nami si shemeji yake, "samaki huyu ametoka kwao na chumvi yake tayari. Ukimwacha hadi jioni utakuwa umemdharau Mungu." Nimemfukuza. Chungu amekiacha, kwa tumaini.

7. Kwa hiyo naiomba Serikali, kupitia gazeti lako, ichukue hatua zifuatazo. Samaki wote wanaopanda kutoka pwani waapishwe kabla ya kuajiriwa katika nyumba za watu wenye wakwe. Pale Igawa, ambapo kila gari husimama watu wanunue mahindi, pachimbwe birika la maji ya chumvi, samaki washushwe hapo na wafundishwe Kinyakyusa cha adabu: namna ya kupokea ujumbe, namna ya kuufikisha, na namna ya kusikiliza sentensi hadi nukta. Kila nyumba yenye mkamwana ipewe samaki wawili, mmoja wa kupeleka maneno na mmoja wa kurudisha, wakaguane. Na wa tatu awakague hao wawili, maana samaki ni ndugu na wanaweza kufichiana.

Ikiwa yote hayo ni mazito kwa Serikali, basi naomba jambo moja jepesi: bahari isogezwe. Sisemi ifike Mwanjelwa. Ikifika Igawa inatosha, na mimi nitafuata vijidudu vingine kwa baiskeli.

Nakuachia shauri hili mikononi, nikijua utalipima kwa mizani isiyo na kutu. Nisalimie watu wote wa ofisini kwako: anayepanga herufi, anayezungusha mashine, anayechemsha chai, na yule anayetupa barua kama hizi kapuni, umwambie leo apumzike. Huku wote hatujambo, isipokuwa mmoja.

Ni mimi raia mtiifu, mwenye mabega yanayouma,
Asukile, fundi baiskeli

Nyongeza, baada ya sahihi:

Bwana Mhariri, Marta amerudi na kuisoma barua hii. Amesema nisiitume hivi hivi, namsingizia kiumbe asiye na mdomo wa kujitetea. Basi nieleze ilivyokuwa, kisha uchape lile utakaloona linafaa.

Niliusikia ujumbe wa Jumatatu. Niliusikia wote, neno kwa neno, maana ukuta una tundu na mimi sina uziwi. Ilinipasa kusema palepale: "Usiguse!" Lakini kujibu palepale ni kukiri kwamba nilikuwa nasikiliza, na ni kusema na mkamwana ana kwa ana. Adabu ilitaka Moti afike kwanza. Moti alikuwa amelala. Basi nikakaa kwenye kigoda, najua kinachokuja, namngoja samaki aamke aniambie jambo ninalolijua.

Na asubuhi, nilipopayuka ile sentensi yangu, Tupokigwe naye aliisikia nzima. Alikuwa ameshika mfuko mtupu mkononi, mpya imekwisha ingia. Ilimpasa aseme: "Tata, nimekwisha kubadilisha." Lakini Moti hakuwa upande wake. Naye akangoja. Kisha Moti akazidiwa, akawa hawezi kuzunguka jiwe. Posta ikafungwa. Tukakaa hivyo siku mbili, mimi huku na yeye huko, kila mtu akijua, kila mtu akiwa na adabu, na samaki wa watu anakufa katikati yetu.

Nilikuwa nimefika pale pa kuisogeza bahari, wageni wamekwenda kula, niliposikia kanga inavutwa kwa nguvu.

"Tata!"

Nikatazama ukutani.

"Tata, acha kuandika! Acha na kujifanya husikii! Ulichemsha?"

Nikauambia ukuta kwamba nilichemsha.

"Yesu wangu. Na ile ya zamani?"

Nikauambia ukuta habari ya dimbwi. Nikadhani ameondoka kwenda kwao Tukuyu moja kwa moja. Kumbe alikuwa anainua ndoo. Changarawe yake ya zamani hakuitupa. Alikuwa ameiacha ndani ya maji ya tangi, pembeni ya jiko. "Yule Mhindi alisema ina uhai," akasema. "Kitu chenye uhai nitakimwagaje nje kama majivu? Lete mikono, tata. Na utazame unachofanya!"

Basi nikatazama. Tulitia changarawe ile nyeusi, yenye harufu ya pwani, katika visanduku vyote viwili juu ya ile mpya. Tukachota maji machafu ya tangi kidogo kidogo, tukatia ya bahari yaliyobaki katika pipa, tuliyoyapasha kwanza kwa taa yasimshtue. Chakula tukamnyima. Kila nilipopunguza kupampu, sauti ilitoka jikoni: "Hewa, tata! Hewa!" Nilipampu kama mtu anayejaza tairi la dunia. Kuna wakati tulikumbuka sisi ni nani, kila mtu akakimbilia upande wake, mimi nikajigonga mlango. Mapovu yakapungua, akaniita tena, nikarudi.

Siku basi lilipofika, Moti alikuwa ameshuka kutoka juu ya maji. Alikuwa dhaifu, lakini alizunguka jiwe lake, na ua lilikuwa limefungua vidole viwili vitatu. Mama Kumud alimshika mtoto mbele ya kioo akamwambia jambo refu kwa Kigujarati. Mtoto alikuwa amelala fofofo. Mama yake alikuwa anacheka huku machozi yakimtoka, hivyo sikujua niyahesabu wapi.

Marta alipoambiwa yote akajishika kichwa, akasema tutachinja kuku kuomba radhi kwa wazee, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Tangi litabaki kwangu mpaka Mama Kumud apate nguvu. Mshtakiwa nimemfutia mashtaka yote, pamoja na lile la mkia.

Ila kuna jambo moja, Bwana Mhariri, nalo si la kejeli. Tangu harusi nilikuwa naambiwa nina mkamwana mpole, asiye na neno. Nimeishi na uongo huo nikiuamini. Mkamwana wangu ana sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. Jana alisimama mlangoni, amegeukia migomba, nami nimegeukia ukuta, akanigombeza kwa kumlisha Moti mara mbili. "Na leo asubuhi pia, tata, nimekuona!" Nimeketi hapa tangu jana natafuta la kujibu, na kila nikilitafuta nacheka.